Chupa Tatu Juu ya Kabati: Barua ya Wazi kwa Wenye Dhamana ya Afya na Taka Mombasa

Kwa waheshimiwa mlioshika dhamana ya afya na mazingira katika Kaunti ya Mombasa, na kwa wenzenu wa serikali kuu mnaotoa leseni za taka,

Assalaam aleikum, na kwa wasioitikia salamu hiyo, hamjambo nyote.

Mimi ni muuguzi mstaafu. Nimekaa wodini miaka 27, na hapa mtaani kwetu Kisauni watu bado wananiita Sista ingawa sare niliivua zamani. Naandika kwa sababu juu ya kabati langu la vyombo pana chupa tatu za mafuta ya kupikia, za lita tatu tatu, zimejaa sindano zilizotumika, nami sijui nizipeleke wapi. Nimeuliza. Nimezungushwa. Sasa nawauliza nyinyi hadharani, kwa kuwa Kifungu cha 37 cha Katiba kinaniruhusu kupeleka ombi langu kwa wenye mamlaka, na kwa kuwa chupa hizi haziko kwangu peke yangu.

Sindano ni za mama. Ana kisukari, na huchomwa insulini asubuhi na jioni. Mbili kwa siku ni 60 kwa mwezi na 730 kwa mwaka, mgonjwa mmoja, nyumba moja. Wapo wanaotumia sindano moja siku tatu mpaka inakuwa butu kwa sababu ya pesa, wala siwalaumu. Mama angekuwa wa kwanza kufanya hivyo, ndiyo maana bei namficha.

Kabla ya kuanza kuziweka kwenye chupa nilikuwa nikizitupa. Nalisema hili kwa aibu. Nilikuwa nikizitia ndani ya pakiti tupu ya maziwa, nakunja mdomo wake, naitumbukiza kwenye gunia la taka. Mimi, niliyekuwa nikiwafokea wanafunzi wa uuguzi hadi wanatetemeka kwa kosa la kurudisha kifuniko kwenye sindano. Wodini nilikuwa na kisanduku cha njano cha karatasi ngumu, sefti boksi, kinachojazwa robo tatu kisha kinafungwa na hakifunguliwi tena. Nyumbani nilikuwa na pakiti ya maziwa.

Mwaka jana, Jumamosi moja msimu wa kusi, kijana anayezoa taka mtaani kwetu alikuja na mkokoteni wake kama kawaida. Ni kijana mpole. Katika kikundi chao ni yeye peke yake anayepanga magunia badala ya kuyarusha. Aliinama, akalinyanyua gunia letu, akaliegemeza pajani apate nguvu ya kulipandisha. Akatoa sauti fupi, kama ya mtu aliyekanyaga kaa la moto. Alipolishusha tukaiona sindano imetoboa gunia na suruali, imesimama kwenye nyama ya paja.

Alitaka kupaminya damu itoke. Nikamwambia usiminye, osha. Nikamletea ndoo na kipande cha sabuni, nikamwagia maji muda mrefu huku yeye ananitazama mimi usoni, mguu wala hauangalii.

“Mama,” akaniuliza, “kwani hii ilikuwa ya nini?”

Sikuwa na jibu. Ilikuwa sindano nyembamba ya mililita moja, aina ile inayokuja na kofia ya rangi ya chungwa. Jikoni kwangu palikuwa na pakiti nzima yenye kofia za rangi hiyo.

Tulilifungua gunia. Lilikuwa la nyumba kama kumi, kwa maana hapa kwetu magunia hujazwa kwa zamu mpaka yafurike. Pamoja na vifuu vya nazi na nepi za watoto mlikuwa na vichupa vya dawa ya sindano, kipande cha mpira wa dripu, na bendeji iliyokauka damu. Hivyo havikutoka kwangu wala kwa jirani yangu yeyote. Vilitoka kwenye chumba fulani chenye kitanda kimoja, pazia, na mtu anayeitwa daktari. Nakijua. Sikitaji, maana mkikifunga hicho wagonjwa watahamia mlango wa pili, na mlango wa pili una gunia lake. Kwa hivyo sindano ile huenda ilikuwa ya mama, huenda ilikuwa ya mtu mwingine kabisa. Mpaka leo sijui, na sitajua.

Dawa za kuzuia virusi vya Ukimwi baada ya kuchomwa, hizi tunazoziita PEP, sharti zianzwe kabla ya saa 72 kupita, na bora iwe saa chache za mwanzo. Humezwa siku 28. Mimi nayajua haya kama ninavyolijua jina la mama yangu. Yeye hakuyajua, na wenzake wote wa kikundi hawakuyajua, na hao ndio watu wanaoishika taka ya mtaa mzima kwa mikono mitupu. Tukapanda tuktuk. Mlango wa kwanza tuliambiwa dawa hizo ni za wafanyakazi wa hapo. Mlango wa pili mhusika alikuwa hayupo na ufunguo wa kabati alikuwa nao yeye. Mlango wa tatu alipokewa na binti mmoja mwenye adabu zake, akapimwa, akapewa. Ilikuwa saa nane mchana. Milango ile siitaji. Nasema tu kwamba angekuwa peke yake, bila mwanamke wa makamo anayejua kugombana kwa lugha ya hospitali, angegeuka mlango wa kwanza akarudi kwao.

Dawa zilimtapisha wiki mbili. Mkokoteni ulisimama, na ukisimama hakuna wa kumlipa. Alirudi kupimwa wiki ya sita, akarudi tena baada ya miezi mitatu. Majibu yalitoka salama, alhamdulillahi. Ameniruhusu nisimulie ila jina lake nisilitaje, kwa sababu mchumba wake hajui.

Watu wakisikia kisa hiki hushika vichwa wakataja Ukimwi. Waheshimiwa, kwa hesabu, sindano yenye damu ya mtu mwenye virusi vya Ukimwi huambukiza kama watu 3 katika kila 1,000 waliochomwa nayo. Ya homa ya ini aina ya C, kama 2 katika 100. Ya homa ya ini aina ya B, kwa mtu asiye na chanjo, huweza kufika 30 katika 100, na kirusi chake hukaa hai nje ya mwili siku 7 au zaidi. Mimi hiyo B ndiyo inayonikosesha usingizi. Na ndiyo yenye chanjo! Dozi tatu ndani ya miezi sita. Watoto wachanga wa Kenya wanaipata tangu mwanzoni mwa miaka ya 2000, maana yake mzoa taka mwenye umri wa miaka 30 alizaliwa kabla yake, na sijaona aliyemfuata mkokotenini kumuuliza kama amechanjwa. Muuguzi anaulizwa kabla ya kuanza kazi. Mzoa taka anaishika taka ya muuguzi.

Nikaanza kuweka chupa, basi. Chupa ya mafuta ya kupikia ni ngumu, sindano haiitoboi kwa urahisi, na kifuniko chake kinakaza. Ya kwanza ilipojaa nikaifunga, nikaizungushia gundi ya karatasi, nikaandika kwa kalamu nene SINDANO, nikaitia kikapuni nikaenda nayo kituo cha afya. Nilivaa vizuri siku hiyo, sijui kwa nini.

“Mamangu,” akaniambia yule mtoto wa dirishani, “hizi hatuwezi kupokea. Ni za nyumbani.”

Nikamuuliza, “Na dawa ya kutia ndani yake nilipewa wapi?”

Akacheka kidogo, kwa haya. Hakuwa mkorofi. Akanieleza kwamba kichomeo wanacho lakini cha kwao wenyewe hakiwatoshi, na taka wanazopeleka kuchomwa nje wanatozwa kwa kilo, na kilo za mtu wa nje hazimo katika hesabu yao. Duka la dawa ninaponunulia sindano walinishauri nizifukie. Ofisi nyingine ikanishauri nimpe mzoa taka. Nikamshukuru aliyesema hivyo, nikaondoka na kikapu changu.

Katika kuzunguka huko nimegundua jambo ambalo miaka 27 wodini haikunifundisha: kila mtu anaiona taka mpaka mlangoni pake. Muuguzi anaona kisanduku mpaka kinapofungwa. Mfagiaji anakiona mpaka chumba cha nyuma. Daktari wa chumba kimoja anakiona mpaka gunia. Mimi nilikuwa nikiona pakiti ya maziwa mpaka barazani. Hata sikumbuki kuwahi kuuliza, siku moja tu katika maisha yangu ya kazi, visanduku vyangu vya njano vilikuwa vikienda wapi. Niliona mgongo wa gari, basi.

Aliyeona zaidi ya mlango ni kunguru. Mwenyeji wa Mombasa hahitaji kuelezwa. Kunguru wetu hufungua kila kilichofungwa. Miezi miwili kabla ya kisa cha gunia nilikuta kwenye kamba ya nguo, juu ya kanga ya mama, pamba yenye damu iliyoganda. Nilidhani ni matumbo ya samaki. Nilipoivuta ikaja na kipande cha plasta, na alama ya duara pale sindano ilipopita. Nafahamu serikali ilitangaza mwaka 2024 kwamba inataka kuwapunguza ndege hao kwa milioni moja. Wapunguzeni, lakini aliyeiweka pamba mahali pa kunguru kuifikia ana miguu miwili na hana mabawa.

Sasa nije kwenye moto, maana najua jibu la haraka la kila ofisi ni “tunachoma”.

Kuchoma kupo kwa namna mbili. Tanuri la kweli la taka za hospitali lina vyumba viwili: cha kwanza kinaunguza taka, cha pili kinauunguza moshi wenyewe, kwa joto la nyuzi 850 hadi 1,100. Ndani ya mifuko mingi ya dripu na mipira yake mna klorini, na klorini ikiungua kwa moto hafifu hutoa dayoksini, sumu isiyonuka wala kuonekana, inayokaa kwenye udongo miaka na miaka na kuingia kwenye mafuta ya samaki, mayai ya kuku na maziwa ya mama anayenyonyesha. Kwa ajili ya sumu za jinsi hiyo mataifa yalitia saini Mkataba wa Stockholm mwaka 2001, Kenya ikiwamo. Namna ya pili ni pipa. Ni nusu pipa la mafuta nyuma ya kliniki, kiberiti, na makaratasi kidogo ya kuwashia. Magharibi ikifika, mtaani kwetu unajua ni kliniki ipi imekuwa na wagonjwa wengi. Kusi ikivuma moshi unakwenda kwa wenzetu wa juu. Kaskazi ikigeuka unarudi kwetu. Pipa halina chumba cha pili, wala halifikii joto la kuyeyusha sindano. Asubuhi majivu yakimwagwa, sindano zimo ndani nyeusi tii, ncha zake vile vile, na vichupa vimepasuka vigae. Majivu hayo huingia gunia gani? Hilo hilo.

Wengine husema fukia. Bara, penye udongo mzito na maji yaliyo chini sana, huenda shimo likafaa. Sisi tumekaa juu ya matumbawe. Mwamba wetu umejaa vitundu kama sifongo. Unachokimwaga leo juu, kesho kimeshuka. Na mji huu, nyinyi wenyewe mnajua, mifereji ikikauka unakimbilia visima. Kisauni nzima tunaoga na kufulia maji ya kisima, na wasio na pesa ya mtungi wanayanywa. Shimo la kondo la kliniki inayozalisha linaweza kuwa hatua thelathini kutoka kisima cha msikiti. Aliyenishauri nifukie sindano zangu hakuuliza kisima changu kiko wapi.

Lakini mimi si mtu wa kudai kwamba kila mwenye kliniki ndogo ni mhalifu. Nimewafahamu wengi. Mtu anatibu homa ya mtoto kwa pesa ambayo haifiki nauli ya kwenda mjini na kurudi, kisha anatakiwa alipe kampuni yenye leseni ije kumchukulia kilo mbili za sindano. Kampuni haiji kwa kilo mbili. Inataka mzigo. Basi anangoja zifike kilo kumi, chumba kinanuka, mgonjwa analalamika, na pipa liko pale nyuma. Ndivyo sheria nzuri inavyovunjwa na watu ambao si wabaya.

Na sheria tunayo. Kanuni za Usimamizi wa Taka za mwaka 2006 zinataka taka za matibabu zitenganishwe pale pale zinapozaliwa, zitibiwe kabla ya kutupwa, na anayezisafirisha awe na leseni. Rangi tunazijua: pipa jeusi la taka za kawaida, la njano la zenye maambukizi, jekundu la viungo na damu nyingi. Kutenganisha huko ndiko kunakookoa pesa. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba katika kila kilo 100 za taka za vituo vya afya, 85 ni taka za kawaida kama za nyumbani, na 15 tu ndizo hatari. Zichanganye, na kilo zote 100 zimekuwa hatari na zote zitatozwa bei ya hatari. Nimeshuhudia kwa macho yangu ganda la embe kwenye pipa la njano, na mlango wa pili glavu yenye damu kwenye pipa jeusi.

Kanuni hizo hizo zinataka dereva awe na hati ya kufuatilia mzigo, inayoonyesha umetoka wapi na unakwenda wapi. Hapa naomba mnisikilize, maana nadhani ufunguo uko kwenye karatasi hiyo kuliko kwenye tanuri jipya la mamilioni. Lori la vitunguu likifika soko la Kongowea magunia yanahesabiwa moja moja, na likikosekana moja dereva halali. Kwa nini kisanduku cha sindano kisihesabiwe kama kitunguu? Kipimwe kilo mlangoni kinapotoka, kipimwe tena kwenye tanuri au kwenye mashine ya mvuke, na nusu ya karatasi irudi kituoni ikiwa na kilo zote mbili na saa ya kuchomwa. Isiporudi baada ya wiki, mtu aulizwe. Mwuguzi wa zamu aione karatasi hiyo ukutani. Kama ningeiona mimi miaka ile, ningeanza kuuliza mapema.

Nimesema mashine ya mvuke kwa sababu kuchoma si lazima kwa kila kitu. Ni ndugu mkubwa wa ile sufuria tuliyokuwa tukichemshia vyombo vya upasuaji: mvuke wa nyuzi 121 au zaidi, chini ya mgandamizo, kisha kinu cha kusagia. Kinachotoka ni chengachenga za plastiki zisizo na ugonjwa wala ncha. Haitoi dayoksini. Haifai kwa dawa zilizopitwa na wakati wala kwa viungo, lakini kwa sindano na dripu inafaa. Moja ikiwekwa mahali pamoja, ikapelekewa mzigo wa kaunti ndogo zote sita, Mvita, Nyali, Kisauni, Jomvu, Changamwe na Likoni, inaweza kufanya kazi ambayo mapipa mengi ya nyuma ya kliniki hayataifanya kamwe. Kaunti iwe na gari lake, lipite kwa siku maalumu kama gari la maji, lichukue hata nusu kilo, kwa bei ambayo daktari wa chumba kimoja anaimudu. Likoni mtanieleza habari ya feri. Naam, mzigo huo haustahili kupanda feri pamoja na abiria na vikapu vyao vya mboga. Siku hizi kuna barabara ya Dongo Kundu, lizunguke huko.

Na likipita, lipokee pia za nyumbani. Hili ndilo ombi langu kubwa, mengine ni maelezo. Kila kituo cha afya cha umma na kila duka linalouza sindano liwe na mahali pa kurudishia sindano, bila maswali na bila malipo. Mgonjwa anapokuja kuchukua insulini ya mwezi, arudishe chupa ya mwezi uliopita. Anakuja vilevile! Hahitaji safari ya pili. Mkihofia gharama, Sheria ya Usimamizi Endelevu wa Taka ya mwaka 2022 imeleta wajibu wa mzalishaji: anayeingiza bidhaa sokoni abebe sehemu ya mzigo wa takataka yake. Wenye chupa za plastiki wanaambiwa hivyo. Wenye sindano je?

Tena kuna jambo jipya. Tangu Septemba 2023 wahamasishaji wa afya ya jamii, 100,000 nchi nzima, wanatembea na mikoba yenye vipimo vya sukari. Ni jambo jema, na wetu hapa mtaani ni dada mmoja mchapakazi sana. Lakini kila kipimo ni kisindano cha kutoboa kidole, na kila nyumba anapopita anakiacha au anakiweka mfukoni mwa mkoba. Nilimuuliza anavimalizia wapi. Akafungua mkoba akanionyesha kopo la majani ya chai. Yeye na mimi tulicheka, kisha tukaacha kucheka. Mpeni kisanduku. Mkishampa, yeye ndiye wa kupita kwa wazee wasioweza kutoka, awachukulie na chupa zao.

Dawa zilizopitwa na wakati sizigusi leo, ingawa najua choo changu na cha jirani zimeingia mara nyingi. Hiyo ni barua nyingine.

Najua pia mtatupiana mpira. Idara ya afya itasema taka ni za idara ya mazingira; mazingira watasema sindano ni za afya; wote wawili watasema leseni ni za NEMA, mamlaka ya taifa ya mazingira. Naomba mfungue Jedwali la Nne la Katiba, sehemu ya pili, kazi za kaunti. Kuzoa taka na kusimamia majaa hakukuandikwa peke yake. Kumeandikwa ndani ya huduma za afya za kaunti, mstari mmoja na zahanati, ambulensi na makaburi. Walioandika Katiba waliitia taka kwenye afya. Aliyezitenganisha ni mgawanyo wa ofisi zenu.

Na gharama ya kungoja Mombasa tunaijua kuliko mji wowote wa nchi hii. Owino Uhuru, hapo Mikindani, watu walivuta na kunywa madini ya risasi kutoka kiwanda cha kuyeyusha betri, watoto wakaugua, wenyeji wakapiga mbio ofisi baada ya ofisi. Mwaka 2020 Mahakama ya Mazingira na Ardhi iliamuru fidia ya shilingi bilioni 1.3, kesi ikapanda na kushuka mpaka Mahakama ya Juu ilipoiunga mkono hukumu hiyo Desemba 2024. Pesa hizo zingenunua visanduku vingapi vya njano, hesabuni nyinyi. Kifungu cha 70 cha Katiba kinamruhusu mtu yeyote kwenda mahakamani kwa ajili ya mazingira safi hata kama yeye mwenyewe hajadhurika. Sikiandiki kuwatisha. Nakiandika kwa sababu binti yangu amekisoma na amenikumbusha mara mbili.

Kwa wale vijana wa mkokoteni sitangoja bajeti. Nimeshaongea nao barazani kwangu: maji na sabuni, usiminye, kimbia hospitali siku hiyo hiyo, taja PEP kwa jina lake. Nimewaandikia kwenye kipande cha boksi, wamekifunga kwenye mkokoteni kwa waya. Chanjo ya homa ya ini sina. Mabuti sina. Glavu nene, zisizopitisha sindano, sina. Hizo ni zenu.

Chupa ya nne nimeianza juzi. Kabati limejaa, na mama ameanza kulalamika kwamba akiinua macho kutoka kitandani anaziona. Kwa hivyo Jumanne ijayo, saa nne asubuhi, nitakuja kwenye ofisi ya afya ya kaunti na kikapu changu. Msishtuke. Vifuniko nimevikaza, nimezungusha gundi, na kila chupa ina maandishi. Nitakaa kwenye benchi ningoje zamu yangu kama mwananchi mwingine. Ikiwa hamtaki nije nazo ofisini, mna siku sita za kuniambia nizipeleke wapi.

Wenu,
Sista wa Kisauni